Jibu Nililotoa kwa Niaba Yako

Bondeni, Nakuru
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwako Wawira, dada yangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani kwetu. Sijui umeamkaje huko Kabazi leo, wala mama yako anaendeleaje na miguu yake msimu huu wa baridi, ila nimekuwa nikiulizia. Muturi aliniambia kwamba bado anatembea mwenyewe hadi kanisani, na kwamba bado anarudisha jikoni chai isiyo na maziwa ya kutosha. Nilicheka niliposikia hivyo, kisha nikamshukuru Mungu. Ndugu yako Lynn na watoto wake nawaombea heri pia. Sisi hapa tuko wazima. Mama sukari inampanda na kushuka, lakini nyama ya Idd bado anaigawa kwa mikono yake na hakuna anayethubutu kumsaidia. Juzi aliniuliza tena, kama anavyouliza kila mwaka, yule mwenzangu wa Kabazi aliyekuwa akila pilau sahani mbili yuko wapi na mbona haji. Miaka yote nimekuwa nikimwambia una kazi nyingi. Safari hii niliinuka nikaenda kuosha vyombo.

Najua barua ya karatasi itakushangaza. Muturi alinipa nambari yako mpya, na ningeweza kukuandikia kwa simu. Lakini ujumbe wa simu mtu huusoma akiwa amesimama, huku anahudumia wateja, na haya ningependa uyasome ukiwa umeketi. Pia kuna kitu nimekitia ndani ya bahasha ambacho hakiwezi kutumwa kwa simu. Nitakieleza nikifika hapo.

Habari kubwa huenda imeshakufikia. Mzee Kimaiyo, mkubwa wetu wa zamani ofisini, alifariki Ijumaa tarehe mbili Mei, na akazikwa Jumamosi ya wiki iliyofuata shambani kwake Mau Narok. Kulikuwa na baridi na matope, magari yakakwama kuanzia kwenye lango, na wakulima wa viazi wakayavuta kwa trekta moja baada ya jingine. Walikuja mawakili kutoka Nairobi wakiwa wamevaa viatu vya kung'aa, na baada ya dakika tano viatu vyote vikawa vya rangi moja. Mke wake, Mama Winrose, alijikaza mpaka mwisho. Muturi alisimama karibu na lango zaidi ya saa mbili, na kila gari lilipoingia alichungulia ndani. Baadaye aliniambia alikuwa akikutafuta wewe. Hukuja, na nakiri kwamba nilishukuru kwamba hukuja. Utaelewa kwa nini kabla barua hii haijaisha.

Muturi mwenyewe bado ni yule yule. Alistaafu mwaka juzi, tukamkatia keki na kumpa saa ya ukutani, lakini kila Jumanne lazima aje ofisini akidai kwamba alisahau miwani. Anakaa kwenye kile kiti chake karibu na kabati la hati, anachukua faili yoyote iliyo karibu na kuanza kulinganisha cheti cha afya ya mimea na ankara, kama alivyotufundisha sisi wawili tulipoingia. Kazi yenyewe sasa ni maua ya Naivasha na maparachichi kwa wingi, na wanunuzi wa ng'ambo ni walewale, wanaotaka kila kitu na hawataki kuandika lolote. Yeye ndiye aliyeniletea habari zako. Alisema alipita dukani kwako kununua mbegu za kabeji, akakukuta nyuma ya kaunta ukimsomea mkulima mmoja mkataba wake wa maharagwe, mstari kwa mstari, ukimwonyesha mahali ambapo mnunuzi amejipa haki ya kukataa mzigo bila kutoa sababu. Kulikuwa na watu wengine wanne kwenye foleni, kila mmoja na karatasi yake, na hakuna hata mmoja aliyekuja kununua dawa ya kunyunyizia. Muturi aliporudi hakukaa hata kwenye kiti chake. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Yule bado ni wakili, hata akivaa gambuti." Kisha akaniangalia kwa muda, kama anayengoja nimweleze jambo. Sikumweleza.

Khisa ndiye mkubwa wa ofisi sasa. Ndiyo, Khisa wetu, uliyemfundisha kuandika dai lake la kwanza na kumfutia kurasa sita kati ya nane. Amenenepa kidogo na nywele zimeanza kumwacha mbele. Tangu arudi kutoka Jeneva hawezi kunywa chai ya majani yaliyochemka, anasema inamchoma tumbo, lakini zaidi ya hapo hana maringo. Anawatendea watu haki. Bado tuko ghorofa ile ile ya tatu, juu ya duka la vitambaa, na vumbi la Januari bado linapita madirishani hata tukiyafunga. Dawati lako lipo. Wameweka mashine ya kuchapisha juu yake, na mimi bado nakaa kwenye dawati langu, naangaliana na mashine.

Mwezi wa kwanza Khisa alitukusanya akatuambia kwamba ofisi inatimiza miaka ishirini na mitano mwaka huu, na angependa tutengeneze kitabu kidogo cha kumbukumbu. Hakutaka kitabu cha kujisifu. Alitaka kila aliyewahi kufanya kazi pale aandikwe, wafagiaji na madereva wakiwemo, na kila mmoja asimulie jambo moja analolikumbuka. Kazi ya kukusanya akanipa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekaa pale muda mrefu kuliko wote waliobaki. Na kwa kuwa Mzee Kimaiyo alikuwa amepatwa na kiharusi, macho yakawa dhaifu na mkono wa kushoto hauna nguvu, ilinibidi niende Mau Narok nimwandikie anayoyasema.

Nilikwenda mara ya kwanza Jumamosi moja ya mwezi wa pili. Nilimkuta barazani amefunikwa blanketi, ameelekea upande wa shamba lililokwisha kuvunwa ngano. Mwili ulikuwa umepungua, lakini kichwa kilikuwa chake. Mama Winrose alituletea mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, akaketi nasi kidogo, kisha akatuacha. Mzee alisimulia mambo mpaka mkono ukaniuma. Alikumbuka siku Muturi alipokataa kuachia mzigo wa maua kwa sababu ankara ilisema waridi na cheti kilisema maua ya karnesheni, mwenye shamba akamtukana mbele yetu sote, na Muturi akamjibu kwa upole kwamba atukane tu, lakini afungue sanduku. Sanduku likafunguliwa, na kweli yalikuwa karnesheni. Mzee alicheka hadi akakohoa. Aliniuliza habari za kila mtu kwa jina. Jina lako hakulitaja siku hiyo, na mimi pia sikulitaja.

Nilirudi wiki mbili baadaye, tarehe ishirini na mbili. Siku hiyo alianza na wewe.

Alisema angependa kesi ya mishiri iandikwe kikamilifu, kwa kuwa ndiyo kesi aliyojivunia kuliko zote. Unaikumbuka kuliko mtu yeyote, lakini nataka ujue jinsi alivyoisimulia. Alisema mwaka huo wa 2016 wakulima mia moja na arobaini wa Kabazi na Subukia walikataliwa mishiri yao, yale maharagwe mabichi, kule Uholanzi, wakaambiwa yana dawa iliyopita kiwango, na mnunuzi akataka walipe hata gharama ya kuyachoma. Alisema yeye mwenyewe, na uzoefu wake wote, alikuwa ameshawashauri wakubaliane na mnunuzi ili hasara isizidi. Kisha wewe ukaomba siku tatu na zile hati. Siku ya tatu ulimpelekea karatasi mbili, cheti cha maabara na orodha ya mizigo, ukaweka kidole kwenye nambari ya kwanza na kidole kwenye nambari ya pili. Nambari za mzigo hazikulingana. Walikuwa wamepima maharagwe ya mtu mwingine. Mzee alisema umeme ulipotea mara mbili siku ya kusikilizwa, msuluhishi akiwa London anatutazama kwenye skrini, na kila umeme uliporudi wewe uliendelea na sentensi ile ile ulipoiachia. Alisema, "Msichana yule hakuwa na haraka. Mawakili wengi wana haraka."

Halafu akaniambia niandike hivi, neno kwa neno:

"Baada ya kesi ile, wenzetu wa Jeneva walitupa nafasi ya wakili mmoja, miaka miwili. Jina nililoliandika lilikuwa Wawira. Sikuwa na jina la pili. Hakwenda, kwa sababu ya kumwuguza mama yake. Kosa langu ni kwamba sikumwuliza mwenyewe. Nilimwuliza mtu mwingine, nikidhani namhurumia. Mtu huulizwa mwenyewe. Pengine angekataa, lakini angekataa akijua kwamba nilimtaka yeye."

Aliniuliza kama nimeandika. Nikasema nimeandika. Akataka nimsomee, nikamsomea. Aliitikia kwa kichwa, akasema basi. Kisha akaniuliza kama bado tunaongea, mimi na wewe, nikamwambia mara moja moja. Ilikuwa karibu miaka saba tangu nisikie sauti yako.

Wawira, yule mtu mwingine ni mimi. Mzee alijua ni mimi. Nilikuwa nimeketi mbele yake na kalamu mkononi, na kwa heshima yake hakunitaja, akajibebesha yeye kosa. Nami nikaandika kosa langu kwa jina lake, nikamsomea, na nikanyamaza.

Nitakueleza lilivyokuwa, bila kujipunguzia.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa 2017. Wewe hukuwepo, ulikuwa umempeleka mama yako kliniki. Mzee aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Akaniambia kuhusu Jeneva, akasema nafasi ni yako. Lakini alisema anajua mama yako ana shida ya figo, na hangependa kukuweka mahali pa kumkatalia yeye usoni, maana anajua unavyomheshimu. Akaniuliza, "Wewe ni kama dada yake. Nikimpa hii, nitakuwa namsaidia au namtesa?"

Nilijua jibu. Siku mbili kabla, tukila mahindi ya kuchoma pale nje ya ofisi, ulikuwa umeniambia kwamba Lynn amekubali kumchukua mama akae kwake, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu baba yenu afariki unahisi kifua chako chepesi. Ulisema sasa hata ukitumwa mwisho wa dunia utakwenda. Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani wakati Mzee ananiuliza. Na nikamjibu, "Mzee, hawezi kumwacha mama yake. Ukimwuliza utamtesa tu."

Hayo tu. Akanishukuru. Aliniomba nisikuambie kwamba aliuliza, ili usihisi vibaya. Nikaahidi, na ahadi hiyo niliishika barabara kwa kuwa ilinifaa.

Umekuwa na haki ya kujua kwa nini, na kwa muda mrefu hata mimi nilijidanganya kuhusu hilo. Mwaka ule baba yangu alikuwa amefariki mwezi wa tano, na posa yangu ilikuwa imevunjika mwezi wa saba, unakumbuka. Wewe ndiye uliyekaa nami sebuleni siku zote zile za matanga, ukiwa umejifunga leso ya mama yangu, ukiwapokea watu usiowajua. Mzee alipotamka Jeneva, kitu cha kwanza nilichoona ni dawati lako likiwa tupu. Niliogopa kubaki. Hilo ni kweli, na nililitumia miaka mingi kujiambia kwamba nilifanya vile kwa kukupenda. Lakini kulikuwa na lingine. Tuliingia ofisi ile wiki moja, tukajifunza kazi pamoja kwa Muturi, na Mzee hakufikiria hata kidogo kuniuliza kama mimi ningependa kwenda. Nilikuwa wa kuulizwa habari zako. Kijicho kilikuwepo, Wawira. Sijui kilikuwa kikubwa kiasi gani, ila kilikuwepo, na kilisema pamoja nami.

Jumatatu ikatangazwa kwamba anayekwenda ni Khisa. Nilikutazama. Ulimpongeza wa kwanza, ukamshika mkono, ukamwambia akanunue koti zito. Kisha ulikwenda chooni ukakaa huko muda mrefu, na uliporudi ulikuwa umenawa uso. Jioni hiyo uliniuliza swali moja tu, nadhani kazi yako ina kasoro gani ambayo Mzee ameiona na wewe huioni. Nikakuambia sijui. Ningeweza kusema kweli saa ile. Mlango wa Mzee ulikuwa wazi na Khisa alikuwa bado hata hajaomba pasipoti.

Yaliyofuata uliyaona upande wako tu, na mimi niliyaona pande zote mbili. Mzee aliona umekuwa mkimya, akadhani ni uchovu wa kuuguza. Akaanza kukupunguzia kesi kubwa ili upate nafasi ya kwenda Kabazi, na kila alipokuondolea moja alijiona anakutendea wema. Wewe uliona unasukumwa nje polepole na mtu uliyemheshimu kama mzazi. Mara mbili nilimsikia akikuuliza mama anaendeleaje, na mara mbili ulimjibu kwa neno moja. Yeye akaumia, wewe ukaumia, na mimi nilikuwa katikati nikipiga chapa. Mwezi wa sita mwaka uliofuata ukaandika barua ya kuacha kazi. Mzee aliisoma akasema afadhali, sasa atapumzika na mama yake. Ulipokuja kuniaga ulinipa kalamu yako nyeusi na kikombe chako, ukasema hutaki kubeba chochote cha pale. Nilikusindikiza hadi stendi nikalia kuliko wewe, na ukanibembeleza.

Baada ya hapo ulinipigia simu mara kadhaa. Nilikuwa nikiitazama inalia. Siyo kwamba nilikuwa na kazi nyingi.

Sasa nirudi Mau Narok. Niliporudi mjini siku ile ya pili, nilichapa yote aliyoyasema Mzee, na nilipofika kwenye aya ile nikairuka. Khisa alisoma akasema ni nzuri, hasa kesi ya mishiri. Niliamua kwamba ziara ya tatu nitamwambia Mzee ukweli kabla ya kitu chochote. Lakini Ramadhani ikaingia, nikajiambia barabara ile ni ndefu na mimi nimefunga, nitakwenda baada ya Idd. Nilifunga mwezi mzima nikiwa na jambo lile kifuani, Wawira, na kila siku wakati wa kufuturu nilijua kwamba sikuwa na kizuizi chochote ila woga. Siku ya tatu baada ya Idd, Mama Winrose akanipigia simu. Kiharusi kilikuwa kimerudi.

Nilimkuta wodini hapa Nakuru. Alikuwa hawezi kusema, na upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Macho yalikuwa wazi. Mama Winrose alitoka kwenda kutafuta daktari, nikabaki naye peke yangu. Nikainama nikamwambia yote: kwamba mama yako alikuwa na wa kumtunza, kwamba nilijua, kwamba ungekwenda. Nikamwambia kosa lile silo lake. Aliniangalia. Sijui alisikia kiasi gani, na sitakuambia kwamba alinishika mkono au alitoa machozi, kwa sababu hakufanya hivyo. Aliniangalia tu mpaka mkewe akarudi. Nilitoka pale najua kwamba nimemwambia mtu wakati ambapo hawezi tena kuniuliza swali hata moja. Alikaa hivyo wiki nne, kisha akaondoka.

Kwenye mazishi, Khisa alisimama kuzungumza kwa niaba ya ofisi. Alisema Mzee ndiye aliyemfungulia dunia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, na nyuma yangu Muturi alikuwa bado anatazama langoni.

Jumatano iliyopita nilichukua daftari nikaingia kwa Khisa. Nilimsomea aya ile, nikamwambia yule mtu mwingine ni nani, na nikamwambia kwamba nafasi aliyoipata haikuwa yake. Aliweka chai yake mezani. Aliniuliza kama nina hakika ulikuwa umeshapatana na Lynn. Nikasema nina hakika. Kisha akasema kwamba miaka ile miwili kule Jeneva alikuwa akiamka asubuhi akijiuliza kwa nini yeye, na kwamba alikuandikia barua nne na hukumjibu hata moja, akadhani unamdharau. Hakunifokea. Aliniambia tu kwamba angependa nitoke kidogo, nikatoka. Nilipoingia tena baada ya chakula cha mchana nilimpa barua yangu ya kuacha kazi. Amesema ataifikiria. Sikufanya hivyo kumtega, na hata wewe usidhani nakuandikia ili uniombee. Akiikubali nitakwenda.

Alinipa ujumbe nikuletee. Kuna mambo mawili anayotaka kukuuliza, moja kuhusu kitabu kile na jingine kuhusu kazi. Alianza kunieleza nikamkatiza. Nilimwambia, "Khisa, usinipe mimi. Nenda mwenyewe." Akanitazama, kisha akaandika kwenye kalenda. Atakuja Kabazi Jumamosi tarehe ishirini na moja, saa nne asubuhi, dukani kwako. Kama hutaki aje, nambari yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Kitabu hakitachapishwa kabla hajakuona. Aya ya Mzee nimeirudisha mahali pake, na palipoandikwa mtu mwingine nimeweka jina langu kwa herufi zile zile za wengine. Ukitaka itoke, itatoka. Ukitaka ibaki, itabaki.

Ile karatasi iliyo ndani ya bahasha ni ukurasa wenyewe kutoka kwenye daftari. Nimeuchana kwa uangalifu. Mwandiko ni wangu, ila maneno ni yake, na nimeona kwamba tangu mwanzo yalikuwa mali yako. Usome taratibu. Alikutaka wewe. Hakukuwa na kasoro.

Nakuomba msamaha. Sijui jinsi nyingine ya kulisema, na sitarajii kwamba likishasemwa litabadilisha chochote. Miaka uliyoikosa siwezi kukurudishia, wala yule mzee hawezi kukuita tena ofisini kwake akakuambia mwenyewe.

Mpe mama yako salamu zangu ukiona zinafaa, na kama hazifai mwache na amani yake. Msalimie Lynn, ambaye ahadi yake ya kumtunza mama niliifanya uongo bila yeye kujua. Mvua ikipungua huko, Mungu awabariki na mavuno mema. Sitakupigia simu. Na Khisa au Muturi au mtu yeyote akiniuliza unaonaje, au unahisije, au utajibuje, nitamwambia sijui, akuulize wewe.

Ni mimi, niliyekuwa rafiki yako,

Najwa Sufyan